Nimeambiwa nichague: meno au ngoma

Shikamoo Mama,

Nina miaka 24, nasomea udaktari wa meno hapa Dar es Salaam, mwaka wa nne. Nimebakiza mwaka mmoja na kitu, kisha mwaka wa intanishipu. Nakuandikia wewe unayejibu barua za wasomaji kwa sababu kila ninayemweleza habari hii ananijibu kabla sijamaliza.

Mimi ni Mmakonde wa Newala. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mchezaji wa sindimba, na mimi nilijifunza kwa kumshika kiuno nikiwa nyuma yake, kabla sijaanza shule. Nilipofika chuo nikajiunga na kikundi cha ngoma za asili huku Temeke. Tunacheza sindimba, lizombe ya Wangoni na bugobogobo ya Wasukuma, ile ya kurusha majembe. Mwaka wa kwanza nikapata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Mjomba wangu, ambaye hulipa sehemu ya ada ambayo mkopo haukufika, akasema ni ngoma hiyo. Nikamwahidi nimeacha. Kweli niliacha muhula mmoja, sapu nikazifaulu, halafu nikarudi kimyakimya. Mpaka leo anajua nimeacha.

Ratiba yangu ni hivi. Jumatatu hadi Jumatano niko kliniki kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Alhamisi na Ijumaa ni darasani. Mazoezi ya ngoma ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 11 jioni. Jumanne ndiyo mtihani. Nikitoka kliniki nakutana na foleni, nafika uwanjani saa 12 kasoro dakika kumi. Wenzangu wameshapasha misuli moto. Wapiga ngoma nao wameshapasha ngoma zao: wanawasha makaratasi na majani makavu, wanazigeuza juu ya moto, wanagonga kwa kidole kusikiliza kama ngozi imekaza. Mimi naweka begi chini, nafunga kanga, nafunga njuga, naingia. Mara nyingi nawakuta kwenye bugobogobo, kwa hiyo naanzia hapohapo kwenye kuruka. Kwa joto la Dar nakuwa nimeshaloa jasho tangu kwenye daladala, sijaona haja ya kupasha tena. Saa 1 na nusu natoka mbio kabla hawajamaliza, maana saa 2 na nusu tuna kikundi cha kujisomea. Wao wakiwa wanatembeatembea na kujinyoosha, mimi nimeshatembea haraka dakika saba hadi kituoni na nimekaa kwenye daladala, magoti yamebanwa na kiti cha mbele.

Wiki tatu zilizopita, Jumanne, niliruka na jembe, na nilipotua nikasikia kama mtu amenichapa kofi nyuma ya paja la kulia. Nilimaliza nikichechemea. Mwalimu wetu wa ngoma akasema, "Msuli ukiuma ndiyo unakomaa." Ninayelala naye chumba kimoja akanipa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na tangu hapo nameza kidonge kimoja kabla ya kila mazoezi. Mgongo nao una lake. Unaanza Jumatatu mchana pamoja na shingo, na ikifika Jumatano jioni kuinama kufunga viatu ni kazi.

Wiki iliyopita nilikuwa namsafishia meno mzee mmoja, nakwangua ugaga nyuma ya meno ya mbele ya chini. Paja likakaza ghafla. Niliwahi kutoa mkono kinywani mwake, chombo kikaanguka kwenye trei. Mzee akafumbua macho, akaniangalia, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kati yetu mgonjwa ni nani?" Machozi yakanitoka mbele yake. Mwalimu wa kliniki akanivuta pembeni, lakini si mbali, wagonjwa walisikia: "Umekuja kusomea nini hapa? Chagua, meno au ngoma."

Sasa kikundi kimealikwa Bagamoyo baada ya wiki sita. Onyesho ni Jumamosi, na mimi nina mtihani wa vitendo Ijumaa yake. Nimepangwa mstari wa mbele. Nikiacha naona kama namwacha bibi, aliyefariki mwaka juzi. Nikibaki naogopa siku moja mkono hautawahi kutoka. Na picha za Bagamoyo zikimfikia mjomba? Nifanyeje, Mama?

Mwenye Njuga, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Pole na paja, na pole na maneno uliyoambiwa wagonjwa wakisikia. Mkono uliouwahi kuutoa kinywani mwa mzee yule umeniambia mengi kuhusu daktari utakayekuwa. Mwili wako ulikuwa unalia, na bado jambo la kwanza ulilofanya ni kumlinda yeye.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama ulivyoiandika: meno upande huu, ngoma upande ule, na wewe katikati unavutwa mikono yote miwili. Mara ya pili nimechukua kalamu nikaandika siku za wiki pembeni. Hapo nikasita. Unasema mgongo na shingo vinaanza Jumatatu mchana. Mara ya mwisho kucheza ilikuwa Jumamosi jioni. Uchovu wa misuli baada ya mazoezi mazito huweza kuuma siku moja hadi tatu, kwa hiyo siwezi kusema Jumamosi haimo kabisa. Lakini Jumatatu mchana unakuwa umekaa kwenye stuli ya kliniki saa nne au tano, kichwa kimeinama juu ya kinywa cha mtu, bega moja limepanda. Na maumivu yanaongezeka hadi Jumatano, siku ya mwisho ya kliniki. Umeniandikia kwamba ngoma inaharibu meno. Je, umewahi kujiuliza kama stuli nayo inaiharibu ngoma?

Shingo, mabega na kiuno ni malalamiko ya madaktari wa meno dunia nzima, na mengi huanzia chuoni, wakati mwanafunzi hajajua bado kumsogeza mgonjwa badala ya kujikunja mwenyewe. Najua mlifundishwa kukaa: nyayo zote mbili sakafuni, mapaja yakiteremka kidogo kuelekea magotini, kiti cha mgonjwa kipandishwe hadi kinywa chake kiwe usawa wa viwiko vyako. Lakini ukiwa na mwalimu nyuma yako na kitabu cha kazi cha kujaza, unasahau, unainama ili uone. Jumatatu ijayo jiangalie ukiwa kwenye meno yaleyale ya mbele ya chini. Umekaa upande gani wa kichwa cha mgonjwa, ukikichukulia kama uso wa saa? Umemwomba ageuze uso, au umejigeuza wewe? Kama maumivu ya mgongo yanatoka hapo, basi kuacha ngoma kutakuondolea kitu unachokipenda, na mgongo utaendelea kukuuma vilevile.

Paja ni habari nyingine, na hapo sitakuzungusha. Kile ulichokisikia kama kofi kinafanana sana na msuli uliochanika kiasi. Wiki tatu zimepita, unaendelea kuruka juu yake, na unameza diklofenaki ili usiusikie. Mwanangu, wewe unayajua haya kunishinda. Mgonjwa akija na jino linalouma akakwambia, "Nipe tu dawa ya maumivu, nataka kutafunia mifupa upande huohuo," utamjibu nini? Maumivu ndiyo yanayokuonyesha mpaka. Ukiyazima kabla ya kucheza, unaingia uwanjani bila kujua mpaka uko wapi. Na misuli ya nyuma ya paja ina tabia ya kuchanika tena, hasa mtu akirudi kwenye kuruka na kukimbia kabla haijapona. Kabla hujaamua lolote kuhusu Bagamoyo, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia aushike huo mguu. Uko kwenye chuo cha afya, hutatembea mbali. Mwambie pia habari za mgongo. Na kama maumivu yatashuka chini ya goti, au mguu ukafa ganzi, au ukakosa nguvu, usingoje miadi. Haja ndogo ikikushinda kuizuia au kuitoa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa tuzungumzie Jumanne, maana hapo ndipo roho yangu imekaa.

Unaandika kwamba kila kitu uwanjani kimepashwa moto isipokuwa wewe. Wapiga ngoma hawathubutu kuanza na ngozi iliyolegea. Wanawasha moto, wanageuza, wanagonga, wanasikiliza. Wenzako wamepasha. Wewe unatoka kwenye stuli uliyoikalia kwa muda wa saa nane nzima, unamaliza karibu saa mbili nyingine kwenye foleni na daladala, nyonga zimekunjwa muda wote huo, kisha hatua yako ya kwanza ni kuruka na jembe mkononi. Unasema ulishatoka jasho. Jasho la Dar ni ngozi inapambana na joto la nje. Mtu aliyekaa kwenye daladala lililojaa analoa huku misuli ya mapaja yake haijafanya kazi yoyote. Kupasha misuli ni kuifanyisha kazi kidogo kidogo hadi damu ishuke kwa wingi mapajani, viungo vilainike, na mishipa ya fahamu iharakishe taarifa kutoka kichwani hadi mguuni. Jua haliwezi kukufanyia hilo.

Na kitu chenyewe unakijua kwa mikono yako. Ukimchoma mgonjwa sindano ya ganzi kwa ajili ya gego la chini, unalichukua koleo hapohapo? Unasubiri. Dakika tatu, tano, unamuuliza kama mdomo umekuwa mzito, unagusa ufizi kwanza. Hata mgonjwa akiwa na haraka, hata foleni ikiwa imefika mlangoni, unasubiri. Na ukishang'oa, humwambii akimbilie daladala. Anang'ata pamba nusu saa, unamwambia asisukutue siku hiyo. Unampa mgonjwa mwanzo na mwisho. Kwa nini mwili wako unaupa katikati tu?

Nakuuliza kweli, si kwa kukusuta. Nadhani jibu halihusu uvivu. Nadhani unaona aibu. Umechelewa, wenzako wako katikati, na kusimama pembeni dakika kumi ukizungusha vifundo vya miguu kunaonekana kama kujiongezea uchelewaji. Kwa hiyo unalipa kwa kuruka mara moja. Na saa 1 na nusu unalipa tena kwa kuondoka mbio. Ukiwa kliniki una deni la ngoma, ukiwa kwenye ngoma una deni la masomo, na kwa mjomba una deni la miaka mitatu. Nikisoma barua yako naona msichana ambaye hajafika mahali popote kwa wakati kwa sababu kila mahali anahisi ameiba muda.

Ikiwa mtaalamu atakuruhusu kurudi, hizo dakika kumi si ngumu kuzipata. Baadhi unaweza kuzianza kabla hujafika: shuka kituo kimoja kabla, tembea kwa kasi hadi pumzi ipande. Ukifika, kabla ya njuga, zungusha vifundo, magoti, nyonga, mabega. Simama umeshika ukuta, mguu ubembee mbele na nyuma mara kumi, halafu ule mwingine, mwanzoni kidogo tu, kisha uinuke juu zaidi. Chuchumaa nusu mara kadhaa. Kisha cheza sindimba, ile uliyofundishwa na bibi, kwa nusu ya mwendo, magoti yamekunjwa kidogo, nyonga zikiamka. Ndipo ruka kidogo, bila jembe. Usivute msuli ukaushikilia muda mrefu kabla ya kucheza. Kuvuta na kushikilia dakika nzima au zaidi hupunguza kidogo nguvu ya kuruka kwa muda, kwa hiyo kuweke mwisho. Baada ya ngoma punguza mwendo taratibu, dakika tano au zaidi, mapigo ya moyo yashuke. Ukisimama ghafla damu hubaki miguuni na kichwa kinaweza kuwa chepesi. Kisha nyoosha nyuma ya paja, nyonga na mgongo, sekunde ishirini hadi thelathini kila mahali, pasipo kulazimisha. Nikuambie ukweli: kupoza mwili hakutakuondolea uchovu wa kesho yake, ingawa wengi husema hivyo. Kwako wewe naona faida nyingine. Nyonga zilizokunjwa tangu asubuhi zitapata dakika chache za kunyooka kabla hazijakunjwa tena kwenye daladala, na kichwa chako kitapata pa kupita kati ya ngoma na vitabu.

Tukirudi kwenye kuchagua. Unaweza kuacha kikundi sasa. Utapata jioni tatu, utaweza kumtazama mjomba usoni, mguu utapumzika. Lakini jiulize jioni hizo zitajazwa na nini, na kama ulifaulu zile sapu kwa sababu uliacha ngoma au kwa sababu muhula ule ulijua namna ya kusoma. Wewe ndiye unayejua. Unaweza pia kwenda Bagamoyo mstari wa mbele kama ulivyopangwa. Hapo una wiki sita, mguu uliojeruhiwa, na mtihani wa mikono siku moja kabla. Ukichanika tena kwenye mazoezi, utakosa vyote viwili, na hiyo Ijumaa kuna mgonjwa atakayekuwa amelala chini ya mkono wako.

Kuna njia ya tatu ambayo najua haitakufurahisha: kwenda Bagamoyo na sindimba pekee, bugobogobo aicheze mwenzako, na Jumanne usiende kabisa hadi mtihani upite. Mstari wa mbele unaweza kuupoteza. Huenda pia mwalimu wa ngoma akaona unajidekeza. Zungumza naye siku ambayo hujachelewa, Jumamosi mapema, wakati wanawasha moto wa ngoma. Usimwambie tu kwamba unaumwa, kwa sababu hilo ana jibu lake tayari. Mweleze alichosema mtaalamu, na umwombe akuonyeshe pa kuingilia ukichelewa. Yumkini alikuzwa hivyohivyo, kwa kuambiwa maumivu ni ukomavu, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Mwalimu wa kliniki alikosea kukusema wagonjwa wakisikia. Ila sina hakika alimaanisha unachodhani. Aliona chombo kimeanguka na mwanafunzi analia. Huenda aliogopa, na woga wa wakubwa mara nyingi hutoka mdomoni kama hasira. Ungeweza kumwendea ukamwambia, "Mwalimu, nina jeraha la paja na mgongo unaniuma nikikaa, naomba unitazame ninavyokaa." Akikataa, umejua. Akikubali, umepata mtu wa kukurekebisha kabla ya Ijumaa ile.

Kuhusu mjomba nina moyo mzito kidogo. Ahadi uliyompa ilitolewa na binti wa miaka ishirini aliyeogopa kukosa ada. Lakini yeye analipa kila muhula akiamini neno lako. Nahofia zaidi ajue kwa picha kuliko ajue kwako. Kama kumwendea moja kwa moja kunakutisha, mama yako yuko wapi katika hili? Sindimba yako imetoka kwa mama yake yeye. Sijaona jina lake popote kwenye barua isipokuwa hapo. Huenda anajua njia ya kumfikia kaka yake ambayo wewe huijui. Upo uwezekano mjomba akakasirika, hata akasimamisha ada muhula mmoja, na hilo lazima ulipime na mama kabla hamjafungua mdomo.

Na bibi. Unasema ukiacha unamwacha. Nataka uniandikie unikumbushie jambo moja: ulipokuwa umemshika kiuno nyuma yake, alianzaje? Alianza na mwendo wa haraka, au alikuwa na namna yake ya kuuamsha mwili kwanza, labda kwa kuimba, labda kwa kutikisa nyonga polepole huku akingoja wewe ushike mwendo? Sidhani kama mtoto mdogo angeweza kumfuata angeanza kwa kuruka.

Leo ni Jumatatu ninapoandika, kwa hiyo kesho utakuwa unakimbilia Temeke. Kesho hiyo, naomba, mguu upumzike. Nenda ukaangalie tu ukitaka, ukae karibu na moto wa ngoma. Ukiondoka, zile dakika saba hadi kituoni zitembee taratibu, begi kwenye mabega yote mawili. Na mzee yule akirudi kumalizia kusafishwa meno, mwambie aliuliza swali zuri, na kwamba umeshaenda kutibiwa.